Mtu wa Kumi na Mbili

Saa zote nne za marehemu Wilfred Ogden zilikubaliana, na zote zilikuwa zimekosea.

Inspekta Janine Thackray aliangalia ile ya ukutani, akaangalia ile ya juu ya meko, akachungulia jikoni kuona ile ndogo iliyotundikwa juu ya jiko, kisha akapanda ngazi kwenda kuitazama ya nne kando ya kitanda. Saa nne na dakika ishirini. Aliposhuka alitoa simu yake mfukoni. Saa tatu na dakika ishirini, asubuhi ya Ijumaa, siku ya mwisho ya Oktoba.

"Umepoteza kitu, Afande?" aliuliza Sajenti Imran Qureshi kutoka mlangoni. Alikuwa amejikunja ndani ya koti, mikono kwapani, maana nyumba ile ilikuwa na baridi kuliko barabara.

"Ogden alikuwa anafanya kazi gani kabla ya kustaafu?"

"Karani wa saa. Kiwanda cha kutia nguo rangi, miaka thelathini na mbili. Alikuwa akisimama getini na daftari kuandika nani kachelewa. Nusu ya wazee wa Skelbeck walikatwa mshahara kwa ajili yake."

Thackray alimwonyesha simu, halafu akamwonyesha ukuta. Imran alitazama huku na huku. Usiku wa kuamkia Jumapili iliyopita nchi nzima ilikuwa imerudisha saa nyuma kwa saa moja, kama inavyofanya kila mwaka majani yakipukutika. Simu hujirekebisha zenyewe. Saa za Mzee Ogden zilimhitaji Mzee Ogden.

"Alikuwa na miaka themanini na mmoja," alisema Imran. "Mzee anasahau."

"Anaweza kusahau moja. Hawezi kusahau nne."

Imran hakubisha, lakini hakukubali pia. Alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilikuwa imelala mahabusu tangu jana mchana: Lee Hirst, miaka arobaini na sita, fundi wa mitambo ya upepo baharini, mpwa wa marehemu na ndugu yake pekee. Jana Alhamisi asubuhi Lee alivunja kioo cha mlango wa nyuma, akamkuta mjomba wake amelala kwenye zulia kati ya kiti na dirisha, nyonga imevunjika na paji la uso limevilia damu. Yeye ndiye aliyepiga simu polisi. Yeye pia, kwa mujibu wa jirani wa mkono wa kulia, ndiye aliyesikika Jumanne saa moja jioni akipiga kelele mlangoni pale na kumwita mjomba wake zee jeuri.

Lee hakukana. Alisema walikosana mwezi wa tisa kwa sababu alimtaka mzee auze nyumba akakae karibu naye Grimsby. Jumanne mchana meli yake ilitia nanga baada ya wiki mbili kazini, akaendesha gari moja kwa moja mpaka Skelbeck kutaka suluhu. Aligonga, hakufunguliwa. Akadhani amenuniwa. Akapiga kelele kidogo, akaondoka zake.

Hadithi hiyo ingeaminika vizuri tu kama si jambo moja. Baraza la mji lilikuwa na Chumba cha Joto kwa ajili ya wazee, katika ukumbi wa Wamethodisti, kila Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Katika daftari la mahudhurio la Jumanne hiyo, jina la W. Ogden lilikuwa na alama ya vema. Basi Jumanne mchana mzee alikuwa mzima, anakunywa supu. Akarudi nyumbani, jioni mpwa akaja na ghadhabu zake, na baada ya hapo hakuna aliyemwona mzee akisimama kwa miguu yake. Mrakibu Dunning, mkubwa wao kituoni, alipenda mambo yanayokaa kwenye mstari mmoja namna hiyo. Alitaka Lee afunguliwe mashtaka ya kuua kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Daktari wa maiti hakuwa amesaidia. Jana alichungulia tu, akasema nyumba ilikuwa baridi mno kumpa saa ya kifo. Ingeweza kuwa Jumapili, ingeweza kuwa Jumatano. Angempasua leo mchana. Hita ya Mzee Ogden ilikuwa imezimwa, na hilo halikumshangaza mtu. Skelbeck watu wa rika lake huona ni aibu kuwasha hita kabla ya moto mkubwa wa sherehe wa tarehe tano Novemba. Wanavaa masweta mawili na kukaza meno. Baraza liliwafungulia Chumba cha Joto kwa sababu hiyo hiyo, maana nyumbani kwao hawawashi, lakini penye wenzao watakwenda.

Thackray alichuchumaa mahali mwili ulipokuwa. Kando yake palikuwa na mfuko wa karatasi uliopigwa mhuri wa Siku ya Tufaha, ile sherehe ya Jumamosi iliyopita ambapo watu walileta matunda yao uwanjani yakamuliwe. Chini ya kiti palikuwa na vikonyo vinne vya tufaha. Viwili vilikuwa vimenyauka na kuwa vyeusi, kimoja cha kahawia, kimoja kilikuwa bado na unyevunyevu.

"Anakula kitini, anatupa chini," alisema Imran.

"Mtu mwenye zulia safi hivi?"

Imran aliandika. Barua hazikuwasaidia, maana Lee alipoingia aliziokota zote pale mlangoni akazipanga mezani kwa mazoea, sasa haikujulikana ipi ilianguka lini. Pipa la taka nalo lilikuwa limetolewa Jumatano na kurudishwa likiwa tupu. Jana hilo liliwapa matumaini ya kupata siku, mpaka Bi Pauline Greenwood wa nyumba ya kushoto aliposema ni yeye. Humtolea mzee pipa kila wiki.

Thackray alivuka ua akamgongea huyo huyo Bi Pauline. Mama wa watu alifungua akiwa na boga mkononi, nusu amelichonga macho kwa ajili ya watoto ambao jioni hiyo wangepita kuomba peremende. Thackray alimwuliza juu ya saa. Bi Pauline akacheka kidogo kwa huzuni, akasema kila mwaka, Jumamosi ile, kabla ya chakula cha jioni, Wilf alikuwa akipita mtaa mzima mlango kwa mlango kukumbusha watu warudishe saa nyuma. Aliwachosha kabisa.

"Na mwaka huu?"

Bi Pauline alitazama boga lake. "Mwaka huu hakuja."

"Hukushangaa?"

"Nilidhani amechoka na miguu. Sikutaka kumsumbua mzee wa watu."

Thackray alimshukuru. Alijua mahali fulani ndani yake palipaswa kushtuka, lakini hapakushtuka. Hii ilikuwa maiti yake ya tatu mwezi huo ya mtu aliyekufa peke yake, na tangu ile ya pili alikuwa akiyapokea mambo kama mtu anayepokea barua zisizo zake. Alirudi kwenye gari.

Njiani Imran aliendesha na kubishana. Saa ni saa, alisema, lakini daftari ni ushahidi. Na si daftari tu. Jana aliwahoji wazee watano wa Chumba cha Joto na wote walisema Wilf alikuwepo Jumanne. Lisemwalo lipo.

"Walisema alikuwepo, au walisema walimwona?"

Imran alifikiri mpaka taa za barabarani zikabadilika. "Walisema alikuwepo."

Ukumbi wa Wamethodisti ulinuka supu ya vitunguu na makoti yenye maji. Ukutani palikuwa na karatasi ya baraza yenye ratiba ya majira: kufagia majani makaburini, mashindano ya maboga, moto wa tarehe tano, blanketi za bure kwa waliopita miaka sabini na tano. Kando yake palibandikwa maagizo kwa wasimamizi wa Chumba cha Joto. Thackray aliyasoma yote, kama alivyozoea kusoma kila kitu kilichobandikwa popote. Mawili yalikuwa yamepigiwa mstari. La kwanza: chumba kitakachopata watu chini ya kumi na wawili mara tatu mfululizo kitafungwa, na wahudhuriaji wahamishiwe mji mwingine. La pili: aliyeandikishwa akikosa kuja bila taarifa, msimamizi ahakikishe amegongewa mlango siku hiyo hiyo, baada ya saa tisa.

Aliyasoma mara mbili, kisha akatafuta meza ya dhumna.

Mzee Horace Whiteley alikuwa peke yake, vipande vimelala kifudifudi mbele yake. Alikuwa mwenzi wa Ogden katika dhumna kwa miaka tisa, na kabla ya hapo mmoja wa wale waliokatwa mshahara.

"Kaa, binti," alisema. "Kama unajua kucheza kaa, kama hujui simama."

Thackray alikaa. "Jumanne ulimwona Mzee Ogden?"

"Nisimwone vipi? Kiti chake hicho umekikalia."

"Alivaa nini?"

"Koti lake la kahawia. Ana jingine?"

"Alisema nini?"

"Wilf? Wilf hasemi, anahesabu. Anahesabu vipande mpaka vilivyo mkononi mwako."

"Mlicheza?"

"Kila Jumanne tunacheza. Mimi na yeye tunawachapa Doreen na mwenzake mpaka wanaomba poo."

"Jumanne hii nani alishinda?"

Mzee Whiteley alitazama vipande. Alichukua kipande kimoja akakigeuza. "Wao," alisema.

"Waliwafunga wewe na Ogden?"

"Hapana. Walinifunga mimi na Marjorie. Marjorie hajui dhumna hata kidogo, anakishika kipande kama kitamchoma."

"Marjorie msimamizi. Kwa nini ulicheza naye?"

Upande wa pili wa ukumbi mtu alicheka, sahani zikagongana. Mzee Whiteley aliiweka mikono yake yote miwili juu ya meza.

"Kwa sababu Wilf hakuwepo," alisema, taratibu, kama anayesoma maandishi ya mtu mwingine.

"Jana ulimwambia sajenti wangu alikuwepo."

"Jana kijana wako alinionyesha daftari. Nikaona alama ya vema. Kwa miaka tisa hajakosa. Nikajiambia, Horace, umezeeka, alikuwepo tu." Alimtazama Thackray. "Nimemtia mtu ndani?"

"Bado hajashtakiwa. Usiondoke kabla sajenti hajaandika maneno yako."

Alimwita Imran, akaenda jikoni.

Bi Marjorie Lumb alikuwa na umri wa miaka sabini na mbili, mpishi wa shule aliyestaafu, mwanamke mwenye mikono mikubwa na sauti iliyozoea kusikika juu ya kelele za watoto mia mbili. Mwaka wa nne sasa alikiendesha Chumba cha Joto bila kulipwa. Alikuwa anakoroga sufuria. Bila kuuliza alimpakulia Thackray bakuli, akalisukuma mbele yake.

"Kula, mwanangu. Umekonda uso."

"Bi Lumb, Jumanne mlikuwa wangapi?"

"Kumi na wawili. Daftari si unalo?"

"Mzee Whiteley anasema ulicheza dhumna."

Mwiko ulizunguka mara moja zaidi ndani ya sufuria, ukasimama. Bi Lumb alizima jiko. Alifuta mikono kwa taulo kidole kimoja kimoja, na Thackray akamwacha amalize. Katika kazi hii kuna wakati wa kuuliza na wakati wa kufunga mdomo, na wengi hushindwa huo wa pili.

"Walikuwa kumi na mmoja," alisema Bi Lumb.

"Endelea."

"Mara mbili za nyuma tulikuwa kumi na mmoja. Mara ya tatu wanatufunga. Wanatupeleka Harthwaite, maili tisa, na kuna basi moja tu la asubuhi na moja la jioni. Doreen hawezi kupanda basi na kile kigari chake cha walemavu. Horace hatakwenda, ana kiburi. Watakaa nyumbani kwenye baridi, wote, mpaka mwezi wa nne. Ninawajua, nimewapikia watoto wao." Alikunja taulo. "Kwa hiyo nilimtia Wilf."

"Kwa nini Wilf?"

"Hakosi. Wengine ukiwaandika wapo na hawapo, huo ni uongo. Wilf ukimwandika unakuwa umetangulia tu. Nilidhani yuko na bendi. Anapuliza lile baragumu kubwa, na wiki ijayo ni Jumapili ya Kumbukumbu ya wanajeshi, wanafanya mazoezi. Nikasema atafika saa nane kunywa supu yake. Nikamwekea bakuli."

"Hakuja."

"Hakuja. Nikawa na vyombo vya kuosha."

Thackray alitoa kijitabu chake. Aliuliza swali lililofuata kwa sauti ile ile aliyoulizia mengine yote. "Saa tisa, mkifunga, huwa unafanya nini?"

"Naangalia daftari. Nani hakuja na hakuleta taarifa. Nikienda nyumbani napita kwake namgongea. Wiki ile ya nyuma nilimgongea Doreen, kumbe alikuwa amelala tu, akanitukana."

"Na Jumanne hii?"

"Jumanne hii..." Bi Lumb alianza, akaishia hapo. Aliangalia bakuli la Thackray ambalo halijaguswa. "Jumanne hakukuwa na wa kumgongea," alisema. "Daftari lilikuwa limejaa."

"Jana sajenti alipokuja kuchukua daftari, hukumwambia."

"Alisema mtu ameshashikwa. Nikadhani Wilf alifika nyumbani kwa kuchelewa, yule mpwa akamkuta. Nikadhani alama yangu haina ubaya kwa mtu. Halafu usiku sikulala, lakini asubuhi nikaja kupika. Walikuwa wanakuja watu."

Simu ya Thackray ilitetemeka. Ilikuwa saa nane kasoro. Alitoka mlango wa nyuma wa jikoni, akasimama kwenye majani yaliyoloa, akamsikiliza daktari wa maiti kwa dakika sita. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache na leo aliongeza kidogo. Nyonga ilivunjika kwa kuanguka, hakuna dalili ya kusukumwa, jeraha la usoni lilitokana na ukingo wa dirisha. Ubavu wa kushoto ulikuwa na vidonda vya kulalia. Misuli imeharibika, figo zimeziba, na tumboni hamna kitu ila tufaha. Alikuwa amelala pale kwa siku tatu na kitu, nne zikizidi, na baridi ndiyo iliyommaliza. Saa ya kifo? Ukimlazimisha, Jumatano, karibu na alfajiri.

Thackray alihesabu kurudi nyuma. Jumatano alfajiri, ondoa siku tatu na nusu, unapata Jumamosi jioni. Mzee amerudi kutoka Siku ya Tufaha na mfuko wake. Anaegemea dirisha, labda kufunga pazia, kabla hajala, kabla hajagusa saa hata moja, kabla hajatoka kuwasumbua majirani. Wakati huo Lee Hirst yuko katikati ya bahari na watu ishirini wanaoweza kumwapia. Alimpigia Mrakibu Dunning, akayasema hayo kwa mpangilio huo. Mrakibu aliguna, akauliza kuhusu daftari. Thackray akamwambia kuhusu daftari. Mrakibu akasema basi mwachieni.

Alirudi ndani. Bi Lumb alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini. Alikuwa ameshavua aproni.

"Lee Hirst ataachiwa leo," alisema Thackray. "Nahitaji maelezo yako kwa maandishi."

"Nitaandika. Ile simu ilikuwa ya daktari?"

"Ndiyo."

"Wilf alianguka lini?"

"Jumamosi jioni."

"Alikufa lini?"

Ungeweza kumjibu mtu swali hilo kwa njia nyingi. Ungeweza kusema uchunguzi unaendelea, na isingekuwa uongo. Lakini ripoti ingesomwa hadharani mbele ya hakimu anayechunguza vifo, na mama huyu angekuwa amekaa mstari wa mbele.

"Jumatano, karibu na alfajiri."

Bi Lumb alitikisa kichwa kidogo, kama mpishi anayejumlisha vipimo. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. "Kwa hiyo Jumanne saa tisa alikuwa hai."

"Ndiyo."

"Ningegonga angesikia?"

"Sijui kama angeweza kujibu. Kusikia, nadhani angesikia."

Mama yule hakulia. Thackray alisubiri alie, kwa sababu wengi hulia hapo, na alikuwa na karatasi laini mfukoni kwa kazi hiyo. Bi Lumb aliuliza kama atashtakiwa. Thackray akasema hakuna sheria inayomshika. Baraza huenda likamwandikia barua. Bi Lumb akauliza tena, kana kwamba hakusikia, hakuna kabisa? Hakuna, alisema Thackray. Ilionekana hilo ndilo lililomwumiza zaidi.

"Nani atamwambia yule mpwa?"

"Mimi."

"Hapana," alisema Bi Lumb, akasimama na kuchukua koti lake. "Nitamwambia mimi. Na hao wa nje nitawaambia sasa hivi, kabla hawajasoma gazetini."

Aliwaambia. Alisimama mbele ya meza ya chai, akasema kwa ile sauti yake ya shule, bila kupunguza wala kujitetea, kwamba Wilf hakuja Jumanne, kwamba yeye alimwandika yupo ili chumba kisifungwe, na kwamba kwa sababu hiyo hakuna aliyekwenda kumgongea, naye alikuwa hai. Wazee kumi na mmoja walimtazama. Mzee Whiteley aliinamisha kichwa juu ya vipande vyake. Bi Doreen, kwenye kigari chake, alisema hata wao walikiona kile kiti kitupu na kila mmoja alikuwa na miguu au simu. Baada ya muda mtu mmoja aliinuka akaanza kukusanya vikombe, kwa sababu chai ilikuwa imeisha.

Kituo cha polisi kilikuwa mwendo wa nusu saa. Imran aliendesha, Bi Lumb alikaa nyuma na mkoba wake mapajani. Kwenye uwanja wa michezo vijana wa baraza walikuwa wanapanga mbao za moto wa Jumatano ijayo, na Thackray aliangalia nje ya dirisha bila kuwaza chochote. Giza lilikuwa linaingia mapema sasa, saa kumi na moja tu.

Lee Hirst aliletwa kaunta akiwa na viatu visivyo na kamba. Alikuwa mtu mrefu, uso umebabuka kwa upepo wa bahari, na kwa siku mbili alikuwa ametoa maelezo yale yale mpaka sauti ikamkauka. Thackray alimwambia kwa ufupi kwamba yuko huru, mjomba wake alianguka mwenyewe, Jumamosi, na hakuna anayemshuku. Lee aliitikia tu. Kisha akamwona Bi Lumb amesimama kando ya benchi.

"Mimi ni Marjorie," alisema yule mama. "Wa Chumba cha Joto. Ile alama kwenye daftari ni yangu. Ndiyo iliyokuweka humu."

"Sawa, mama," alisema Lee. "Imekwisha."

"Haijaisha. Nisikilize." Akamweleza. Safari hii sauti yake ya shule haikuwepo. Alieleza kuhusu watu kumi na mmoja, na bendi, na bakuli la supu, na vyombo. Alieleza kuhusu saa tisa. Alipofika Jumatano alfajiri alimtazama usoni. "Alikuwa hai Jumanne, mwanangu. Nilitakiwa nigonge. Sikugonga."

Lee alisimama na mfuko wa plastiki mkononi, ule wenye mkanda wake na simu yake. Askari wa kaunta aliinua macho, akayashusha. Thackray alimwona Lee akihesabu kama yule mama alivyohesabu jikoni, na akajua atafika wapi, na hakuwa na neno la kumzuia asifike.

"Jumanne jioni," alisema Lee.

Bi Lumb alianza kusema kitu.

"Wewe hukugonga, mama," alisema Lee. "Mimi niligonga. Nikaondoka."

Akaketi kwenye benchi. Bi Lumb naye akaketi, mkoba bado mapajani, kiasi cha mkono mmoja kutoka kwake. Thackray alisubiri dakika moja, halafu akachukua ile fomu ya kurudishiwa mali kutoka kaunta, akampelekea Lee pale alipokaa pamoja na kalamu, akamwonyesha pa kutia sahihi.